Kikatizo hakifiki, hakiishi au kinagandisha mashine: kutafuta chanzo ndani ya draiva za Linux

Draiva (programu inayoendesha kifaa) yenye kasoro ya vikatizo (interrupts, ishara za kifaa kuiomba prosesa huduma) mara chache huonyesha uharibifu pale kasoro ilipo. Kadi ya mtandao inazorota, kumbe mkosaji ni kadi nyingine inayochangia laini nayo. Kitambuzi cha joto kinasoma vizuri tangu asubuhi, ghafla kinanyamaza hadi mashine izimwe na kuwashwa. Kompyuta inaganda na logi haina hata mstari mmoja wa kueleza. Mtu anafungua msimbo, anabadilisha hiki na kile, na alichobadilisha hakikuwa na kosa.

Mwongozo huu ni wa kerneli ya Linux, kwa anayeandika draiva na kwa aliyerithi draiva ya mwenzake. Nimeupanga kwa dalili, maana dalili ndiyo kitu pekee ulicho nacho mkononi unapoanza. Ninachosisitiza ni kimoja: usiguse msimbo kabla hujajua kikatizo kimeishia wapi. Safari yake ina vituo vichache. Kifaa kinaomba. Kidhibiti cha vikatizo, kwa mfano APIC kwenye kompyuta za x86 au GIC kwenye ARM, kinapokea ombi na kulifikisha kwa prosesa. Kerneli inatafuta kipokezi (handler, sehemu ya draiva inayojibu kikatizo) kilichosajiliwa kwa namba hiyo. Kipokezi kinakisoma kifaa, kinafuta ombi, na kazi ndefu inaachwa ifanyike baadaye. Karibu hitilafu zote zilizo hapa chini ni safari kukatika kwenye kituo fulani, au kipokezi kufanya jambo lisiloruhusiwa mahali pale.

Hesabu kabla ya yote

Amri ya kwanza ni hii:

```
watch -n1 -d cat /proc/interrupts
```

Upande wa kushoto kuna namba ya kikatizo, kisha hesabu ya kila prosesa, kisha jina la kidhibiti, namba ya laini kwenye kidhibiti hicho na aina ya laini, na mwisho majina ya draiva zilizojisajili. Kwenye x86, neno `fasteoi` kwa kawaida huashiria laini ya kiwango (level, kifaa huishikilia mpaka kihudumiwe) na `edge` laini ya ukingo (kinachohesabika ni badiliko tu). Kwenye ARM utaona `Level` au `Edge` wazi. Kama majina mawili yametenganishwa kwa mkato, draiva hizo zinachangia laini, na hilo likumbuke, kwa sababu kila moja inaweza kuiponza nyenzake.

Kipe kifaa kazi huku ukitazama. Ama mstari wake haupo kabisa, ama upo na hesabu ni sifuri, ama hesabu inapanda kidogo kisha inasimama, ama inapanda kwa kasi kubwa ilhali kifaa kimekaa bure. Kila hali ina sehemu yake hapa chini. Ikiwa hesabu inakwenda sambamba na kazi uliyokipa na bado mambo hayaendi, basi vikatizo vinafika na tatizo liko ndani ya kipokezi au baada yake. Ruka hadi sehemu ya kuganda na ya kasi.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Namba ya kushoto ni ya kerneli yenyewe, inayotolewa wakati wa kuwaka, na inaweza kubadilika ukiongeza kifaa kingine. Usiiandike kwenye msimbo kamwe. Namba ya kulinganisha na mwongozo wa chipu ni ile iliyo baada ya jina la kidhibiti.

Mstari haupo: usajili umekataliwa

Soma namba ambayo `request_irq()` imerudisha. Ni ajabu ni draiva ngapi huitupa namba hii na kuandika tu kwamba usajili umeshindikana, wakati jibu lote limo humo.

`-EBUSY` maana yake laini ina mwenyewe na hamkubaliani masharti. `dmesg`, amri ya kuonyesha logi ya kerneli, itakuwa na mstari wa namna hii:

```
genirq: Flags mismatch irq 18. 00000080 (kadi_mpya) vs. 00000000 (kadi_ya_zamani)
```

Wa kwanza ni mgeni, wa pili ni mwenyeji. Thamani 80 kwa heksadesimali ni `IRQF_SHARED`: mgeni yuko tayari kuchangia, mwenyeji hakutangaza hivyo. Wote wanaochangia laini lazima wawe na bendera hiyo, na wakubaliane pia kuhusu aina ya laini na kuhusu `IRQF_ONESHOT` (bendera ya kuiacha laini imezibwa mpaka uzi wa kipokezi umalize). Kwa hiyo huenda draiva ya kurekebishwa si yako.

`-EINVAL` mara nyingi hutokana na moja kati ya mambo mawili. Umeomba kuchangia laini lakini `dev_id` ni NULL, na kerneli haitakubali kwa sababu haitajua imwondoe nani siku ya `free_irq()`. Au umetumia `request_threaded_irq()` bila kipokezi cha kwanza (kile kinachoitwa papo hapo kikatizo kinapofika) na bila `IRQF_ONESHOT`, jambo ambalo kwenye laini ya kiwango lingeleta mafuriko, kwani hakuna wa kunyamazisha kifaa kabla uzi (thread) wa kumalizia kazi haujaamka.

Ikiwa `platform_get_irq()` imerudisha `-EPROBE_DEFER`, yaani -517, hapo hakuna hitilafu. Kidhibiti cha vikatizo chenyewe hakijawa tayari. Irudishe namba hiyo kama ilivyo ili kerneli ikuite tena baadaye. Draiva inayoigeuza kuwa `-ENODEV` itafanya kazi kwenye bodi moja na kugoma kwenye nyingine, kutegemea nani aliwahi kuwaka.

Mstari upo, hesabu ni sifuri

Hapa kipimo kimoja hukata tatizo katikati. Kipe kifaa kazi inayopaswa kuleta kikatizo, kisha soma rejista yake ya hali (rejista ni nafasi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kifaa) moja kwa moja, bila kusubiri kikatizo. Kama biti ya tukio haijawaka, kifaa hakijaomba chochote: kazi haikuanza, au saa ya kuendesha sehemu hiyo ya chipu haijawashwa. Kama biti imewaka na hesabu bado ni sifuri, kifaa kimetimiza wajibu wake na ombi limepotelea njiani.

Kwenye hali ya pili, anza na rejista ya kuziba vikatizo. Chipu nyingi huwaka zikiwa zimeziba kila kitu, na nyingine zina rejista mbili, moja ya kila tukio na moja ya jumla. Soma pia mwongozo wake unasemaje kuhusu maana ya 1, kwani kwenye chipu moja 1 huziba na kwenye nyingine 1 huzibua.

Kwenye PCI kuna sababu inayosahaulika sana. Vikatizo vya MSI na MSI-X havina waya. Kifaa huandika thamani fulani kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, na maandishi hayo ndiyo kikatizo. Ili kiweze kuandika, lazima kiwe na ruhusa ya kumiliki basi (bus, njia ya data kati ya vifaa). Draiva isiyoita `pci_set_master()` inasoma na kuandika rejista vizuri kabisa, `pci_alloc_irq_vectors()` inafaulu, usajili unafaulu, na kikatizo hakiji hata kimoja. Endesha `lspci -vv` utazame kifaa chako: unataka kuona `BusMaster+` na, chini kidogo, `Enable+` kwenye mstari wa MSI au MSI-X. Ukitaka kujua kama tatizo ni la MSI hasa, washa mashine ukiwa umeongeza `pci=nomsi` kwenye amri ya kerneli. Ikiwa kifaa kinaweza kurudi kwenye laini ya kawaida na hesabu ikaanza kupanda, umeshajua pa kuchimba.

Kwenye bodi za ARM, kosa kubwa ni namba kwenye mti wa vifaa (device tree, faili inayoieleza kerneli vifaa vilivyo kwenye bodi). GIC hugawa namba zake hivi: 0 hadi 15 ni za prosesa kuitana zenyewe, 16 hadi 31 ni za ndani ya kila prosesa, na vifaa vya kawaida huanzia 32. Mti wa vifaa huhesabu kundi hilo la tatu kuanzia sifuri. Chukua Raspberry Pi 4: bandari yake ya serial ya PL011 imeandikwa `GIC_SPI 121` kwenye mti wa vifaa, lakini ndani ya `/proc/interrupts` inaonekana kama 153. Tofauti ni 32. Miongozo mingine ya chipu hutoa namba kamili, mingine imeshatoa 32, kwa hiyo tafuta kifaa kimoja ambacho tayari kinafanya kazi kwenye bodi hiyo, linganisha namba zake tatu (ya mwongozo, ya mti wa vifaa na ya `/proc/interrupts`), ndipo uandike ya kwako.

Kwa vitambuzi vilivyounganishwa kwa I2C (basi la nyaya mbili la vifaa vidogo) na waya wa kikatizo kwenda kwenye pini ya GPIO (pini ya matumizi ya jumla), chukua kipimaumeme kabla ya kuchukua msimbo. Pini nyingi za namna hii huweza kuvuta laini chini tu, haziwezi kuipandisha. Pasipo rezista ya kuvuta juu, iwe ya nje au ile ya ndani ya prosesa iliyowashwa kwenye mipangilio ya pini, laini inaelea na hakuna badiliko la kueleweka litakaloonekana.

Hesabu inapanda kidogo, kisha kimya

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu jaribio fupi hupita salama.

Lazima tofauti ya aina mbili za laini ieleweke. Kifaa cha laini ya kiwango ni kama mgeni anayeendelea kupiga hodi mpaka ajibiwe. Kifaa cha laini ya ukingo hupiga hodi mara moja, kisha hukaa barazani kimya. Usipomsikia, au ukimhudumia nusu, hatapiga tena. Kinachohesabika kwenye ukingo ni badiliko la umeme, na laini ikishabaki upande mmoja hakuna badiliko jipya.

Sasa fikiria kifaa chenye matukio mawili kwenye laini moja ya ukingo. Tukio A limetokea, laini imebadilika, kipokezi kimeingia na kusoma hali. Kabla hakijafuta A, tukio B linatokea. Kipokezi kinafuta A peke yake na kutoka. Laini haijarudi mahali pake kwa sababu B bado linaishikilia. Hakuna ukingo mwingine utakaokuja, na kifaa kimekufa mpaka mashine iwashwe upya. Dawa ni kipokezi kurudia kusoma hali mpaka iwe tupu kabisa:

```
while ((hali = readl(k->rejista + HALI) & k->zilizozibuliwa)) {
        writel(hali, k->rejista + HALI);
        hudumia(k, hali);
}
```

Angalia mpangilio ndani ya kitanzi: futa kwanza, hudumia baadaye. Ukianza kuhudumia, ukamaliza foleni ya pakiti, halafu ndiyo ufute biti, pakiti iliyoingia katikati ya hatua hizo mbili itafutiwa ombi lake bila kuhudumiwa. Kosa hili huonekana mzigo ukizidi tu. Vifaa vingi vya MSI vina tabia hiyohiyo ya ukingo, kwa hiyo draiva iliyofanya kazi miaka mingi kwenye laini ya kiwango inaweza kuanza kukwama siku inapohamishiwa MSI, na hakuna mstari mmoja wa kipokezi uliobadilishwa.

Sababu ya pili ya ukimya ni `disable_irq()` isiyo na mwenzake. Kerneli huhesabu: ukiita mara mbili, lazima uite `enable_irq()` mara mbili. Tafuta njia za makosa ndani ya draiva, zile zinazorudi mapema kupitia `goto` au `return`, na uhakikishe kila moja inazibua. Ukizidisha upande wa pili utapata onyo la `Unbalanced enable for IRQ`, lakini ukipunguza hupati onyo lolote.

Ya tatu inahusu vipokezi vya uzi vyenye `IRQF_ONESHOT`. Laini hubaki imezibwa mpaka uzi umalize. Uzi ukikwama ukisubiri kufuli (lock, kizuizi cha wawili kugusa data moja kwa wakati mmoja) au basi la I2C lililoganda, kikatizo hakitazibuliwa. Tafuta uzi huo kwenye orodha ya `ps`. Jina lake huanza na `irq/` na namba ya kikatizo. Uzi huo ukiwa kwenye hali ya D (umelala na hauamshiki), soma `/proc/PID/stack` kama mtumiaji mkuu, weka namba ya uzi badala ya PID, na utaona umekwama kwenye kazi gani.

Ya nne ni kwamba kerneli yenyewe imeifunga laini, na hiyo inastahili sehemu yake.

"nobody cared"

```
irq 18: nobody cared (try booting with the "irqpoll" option)
...
Disabling IRQ #18
```

Kerneli hufuatilia ni vikatizo vingapi vimefika pasipo draiva yoyote kukiri kuwa ni vyake. Kati ya vikatizo 100,000, zaidi ya 99,900 vikikosa mwenyewe, huifunga laini yote ili kuinusuru mashine. Kuanzia hapo kila kifaa kilicho kwenye laini hiyo kinateseka, pamoja na wasio na hatia. Unaweza kutazama hesabu kabla haijafika huko kwenye `/proc/irq/18/spurious`.

Usikimbilie `irqpoll` kama ujumbe unavyopendekeza. Inasaidia kuokoa data au kuthibitisha jambo, lakini inaifanya kerneli kuzunguka kuuliza vipokezi vingine kila kikatizo kisicho na mwenyewe kinapokuja, na chanzo kinabaki palepale.

Chini ya ujumbe huo kuna orodha ya vipokezi vilivyo kwenye laini. Kifaa chako kikiwa humo, jiulize kama kipokezi kinasoma rejista sahihi. Kikiwa hakimo, basi kuna kifaa kinachovuta laini bila draiva. Mara nyingi ni kifaa ambacho BIOS au UEFI ilikitumia wakati wa kuwaka na kukiacha kikiwa wazi, au mashine iliyoingia kerneli ya dharura baada ya ile ya kwanza kuanguka, vifaa vikiwa bado vinaomba huduma ya draiva ambayo haipo tena. Tiba kwa upande wako ni kuziba na kufuta vikatizo vyote vya kifaa ndani ya `probe` (kazi ya draiva inayoitwa kifaa kinapopatikana), kabla ya kuita `request_irq()`, na kuvizima tena ndani ya `shutdown`.

Ikiwa mafuriko yanaanza sekunde ileile draiva inaposajiliwa, hata kifaa kikiwa hakina kazi, shuku mwelekeo wa laini. Laini inayokaa juu wakati wa mapumziko, ikitangazwa kuwa ya kiwango cha juu, inaonekana inaomba muda wote.

Kuna mafuriko madogo pia, ambapo karibu kila kikatizo cha kweli kinafuatwa na kimoja cha uongo. Maandishi ya `writel()` kwenda kwenye kifaa cha PCI hayafiki papo hapo. Hukaa njiani kwenye madaraja ya basi huku prosesa ikiendelea. Kipokezi kinatoka, laini ya kiwango bado imevutwa, kikatizo kinaingia tena, na wakati huu hali imeshafutika kwa hiyo kipokezi kinarudisha `IRQ_NONE`. Soma rejista yoyote ya kifaa hicho baada ya kuandika. Usomaji unayasukuma maandishi yaliyotangulia mpaka yafike.

Na sasa lile ambalo ningependa kila mwandishi wa draiva alishike. Wapo wanaotibu ujumbe huu kwa kurudisha `IRQ_HANDLED` kila wakati. Ujumbe unapotea kweli, kwa sababu umeiambia kerneli uongo, na ulinzi wake umezimwa. Siku kifaa jirani kikileta mafuriko, mashine itaganda bila neno lolote kwenye logi, na atakayeitafuta sababu hatakuwa na pa kuanzia. Rudisha `IRQ_HANDLED` pale tu ulipoona biti yako:

```
u32 hali = readl(k->rejista + HALI);

if (hali == ~0U || !(hali & k->zilizozibuliwa))
        return IRQ_NONE;
```

Ule ulinganisho wa kwanza una kazi yake. Kifaa cha PCI kilichochomolewa, au kilicholazwa ili kuokoa umeme, hujibu kila usomaji kwa biti zote kuwa 1. Kipokezi kisichojua hilo huona matukio yote yametokea kwa pamoja na kuanza kuhudumia kifaa ambacho hakipo.

Mashine inaganda, au kerneli inalalamikia kulala

```
BUG: scheduling while atomic
BUG: sleeping function called from invalid context
```

Kipokezi cha kwanza hufanya kazi vikatizo vikiwa vimezimwa kwenye prosesa hiyo, na hakiruhusiwi kusubiri chochote. Humo hamna `mutex_lock()`, hamna `msleep()`, hamna `kmalloc()` yenye `GFP_KERNEL`, hamna kunakili data ya mtumiaji, na hamna kuzungumza na I2C, kwa sababu basi hilo hulala likisubiri jibu. Ukihitaji mojawapo, hamishia kazi kwenye `request_threaded_irq()`. Kwa kitambuzi cha I2C hakuna njia nyingine ya maana, kwani hata kusoma hali yake ni kulala. Ujumbe wa pili huja ikiwa kerneli imejengwa na `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`. Kerneli ya kutengenezea draiva isikose kitu hiki.

Kuganda bila ujumbe kwa kawaida ni kufuli. Msimbo wa kawaida umeshika kufuli kwa `spin_lock()`, kikatizo kikaingia kwenye prosesa ileile, na kipokezi kinataka kufuli lilelile. Kitasubiri milele, kwa sababu aliyelishika hawezi kuendelea mpaka kipokezi kimalize. Popote nje ya kipokezi ambapo unagusa data inayoguswa pia na kipokezi, tumia `spin_lock_irqsave()`. Washa `CONFIG_PROVE_LOCKING`: mkaguzi huyu hutoa ripoti ya `inconsistent lock state` hata kama mgongano wenyewe haujatokea, mradi ameona kufuli likishikwa ndani ya kipokezi, na pia nje yake vikatizo vikiwa wazi. Makosa ambayo yangejitokeza mara moja kwa mwezi kwa mteja, hapa unayapata mezani.

Kuita `disable_irq()` au `free_irq()` kutoka ndani ya kipokezi cha kikatizo hichohicho kunaleta mkwamo wa aina hiyo, kwa kuwa zote mbili husubiri kipokezi kimalize. Ndani ya kipokezi, `disable_irq_nosync()` ndiyo inayofaa.

Ikiwa logi haikuokoka, tuma ujumbe wa kerneli nje ya mashine kwa bandari ya serial au `netconsole`. Mlinzi wa kerneli hutangaza prosesa iliyokwama na vikatizo vikiwa vimezimwa baada ya sekunde 10, na iliyokwama ndani ya kerneli bila kuachia nafasi baada ya sekunde 20, kwa mipangilio ya kawaida. Subiri kabla ya kubonyeza kitufe cha kuzima.

Kwa wanaotumia kerneli ya wakati halisi, ambayo iliingia kwenye Linux kuu na toleo 6.12 mwaka 2024: humo vipokezi vingi hugeuzwa nyuzi, na `spinlock_t` inaweza kulala. Palipo na ulazima wa kutolala kabisa, `raw_spinlock_t` ndilo kufuli lake, na lishikwe kwa muda mfupi mno.

Inaanguka wakati wa kupakia au kuondoa draiva

Kikatizo kinaweza kuja kabla `request_irq()` haijarudi. Ikiwa bafa na makufuli yanaandaliwa baada ya mstari huo, kipokezi kitakutana na NULL. Andaa kila kitu kwanza, sajili baadaye, zibua kifaa mwisho. Wakati wa kuondoka, kinyume chake: ziba kifaa, ita `free_irq()`, ndipo uachie kumbukumbu.

Familia ya `devm_`, ambayo kerneli huachia rasilimali zake yenyewe, ina mtego hapa. Kipokezi kilichosajiliwa kwa `devm_request_irq()` huondolewa baada ya `remove` yako kurudi, kwa hiyo ukiachia bafa kwa mkono ndani ya `remove`, kuna dirisha ambalo kipokezi kiko hai na bafa haipo. Ukiwasha `CONFIG_DEBUG_SHIRQ`, kerneli huita kipokezi kinachochangia laini kimakusudi wakati kinapoondolewa, na kosa hili linajitokeza siku hiyohiyo.

Kila kitu kinafanya kazi, ila polepole

Tazama safu za `hi` na `si` kwenye `top`: ya kwanza ni muda wa vipokezi vyenyewe, ya pili ni kazi iliyoahirishwa. Bonyeza 1 uone kila prosesa peke yake. Prosesa moja ikiwa imelemewa na nyingine zikipumzika, soma `/proc/irq/N/effective_affinity_list` uone kikatizo kinapelekwa wapi hasa, kisha kihamishe kwa `smp_affinity_list`. Kama `irqbalance` inaendeshwa, inaweza kukurudishia ilivyokuwa, kwa hiyo isimamishe wakati wa kupima.

Kama `hi` ndiyo kubwa, tafuta maneno yanayochapishwa ndani ya kipokezi. Bandari ya serial ya 115200 hupitisha takriban herufi 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo mstari wa herufi 80 huchukua karibu milisekunde 7. Vikatizo 1,000 kwa sekunde vingehitaji sekunde 7 za kuchapisha ndani ya kila sekunde moja. Badala ya kuchapisha, tumia kinasa cha kerneli:

```
cd /sys/kernel/tracing
echo 1 > events/irq/enable
cat trace_pipe
```

Utaona kila kipokezi kikiingia na kutoka, pamoja na muda wake na kile kilichorudishwa. Kinasa cha `irqsoff`, kama kerneli imejengwa nacho, hukuonyesha sehemu iliyozima vikatizo kwa muda mrefu kuliko zote, na huenda ikawa draiva ambayo hukuifikiria.

Kwenye kadi za mtandao, pakiti zikiwa nyingi mno prosesa inaweza kumaliza muda wote kupokea vikatizo bila kufikisha pakiti hata moja kwa programu. NAPI iliwekwa kwa ajili hiyo: kikatizo cha kwanza kinaziba vingine, na kerneli inachota pakiti kwa mafungu mpaka foleni iishe. Ikiwa draiva yako ya mtandao inachakata pakiti ndani ya kipokezi, usihangaike kuiharakisha, ihamishie NAPI. Ikiwa tayari inatumia NAPI, `ethtool -c` itakuonyesha kadi inasubiri muda gani kabla ya kukatiza, na hapo ni kupima mwenyewe kati ya kuchelewa na mzigo.

Vikatizo vinakuja kwa wakati, data ni ya zamani

Hapa kikatizo hakina kosa. Kwenye bodi ambazo kashe ya prosesa haifuatilii DMA (kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa), lazima `dma_sync_single_for_cpu()` iitwe kabla ya kusoma bafa. Na kama kifaa huweka alama ya "imekamilika" kwenye kumbukumbu, weka `dma_rmb()` kati ya kusoma alama hiyo na kusoma data, vinginevyo prosesa inaweza kuwa imesoma data kabla ya alama.

Baada ya kompyuta kulala na kuamka, kimya

Kifaa kilichokatiwa umeme kimesahau rejista ya kuziba. Draiva inakumbuka kwamba vikatizo viko wazi, kifaa kimerudi kwenye hali ya kuzaliwa. Ndani ya `resume`, andika upya rejista zote kutoka kwenye nakala iliyo kwenye kumbukumbu, futa matukio ya zamani, kisha zibua. Kama kifaa ndicho kinachotakiwa kuiamsha mashine, `enable_irq_wake()` iitwe ndani ya `suspend` na `disable_irq_wake()` ndani ya `resume`, kila moja na mwenzake. `IRQF_NO_SUSPEND` haifanyi kazi hiyo. Inazuia tu kerneli isiifunge laini wakati wa kulala, na kuiweka kwenye laini inayochangiwa kunawabeba na majirani ambao hawakuomba.